Tulivyoiuza nyumba ya baba mirathi ikiwa bado mahakamani

Baba yetu aliacha nyumba moja Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazotajwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba sita, uani jiko, choo na kisima. Hakuacha wasia. Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, mimi nikiwa kifungua mimba. Mahakama ya mwanzo iliniteua kuwa msimamizi wa mirathi, na nyumba ile niliiuza jalada likiwa bado wazi. Ndugu zangu wote wananipigia simu mpaka leo, na sikukuu ya Idi tunakula pamoja. Kwa familia iliyouza nyumba ya marehemu hilo ni jambo kubwa, ndiyo maana nimeona nieleze tulivyofanya, hasa kwa binti au kijana ambaye wiki hii ameambiwa na wazee, "Wewe ndiye utakayesimamia."

Niseme mapema ninachokiamini. Ugomvi wa nyumba ya mirathi mara nyingi huanza siku mrithi anaposikia habari za nyumba ya baba yake kutoka kwa dalali. Bei ikiwa ndogo lakini wote wameijua tangu mwanzo, watu hunung'unika kisha wakaendelea na maisha. Bei ikiwa kubwa na mmoja akaijua mwisho, hapo undugu hukatika. Kila hatua niliyopiga niliipima kwa hilo.

Mnunuzi wa kwanza alikuja mama akiwa eda. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na mama alikuwa chumbani mwake, hajatoka hata kwenda kwa jirani. Dalali akaja na mtu wake, wakasimama barazani wakipima ukuta kwa macho. Walikuwa tayari kutoa advansi siku ileile, fedha taslimu, kwa karatasi ya kuandikishana mbele ya mashahidi wawili. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa akiishi mle ndani na mkewe na watoto, alikuwa na ada za shule zinazomsubiri. Baba mdogo naye akasema, "Chukueni, mambo ya mahakama yatakuja baadaye."

Nilikataa, na sababu niliitoa mbele yao wote. Siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mamlaka ya kuuza. Kuwa mtoto wa marehemu kunakufanya mrithi, hakukupi uwezo wa kusaini kwa niaba ya mali yake. Uwezo huo unatoka mahakamani kwa barua ya usimamizi, na aliyenunua kwa mtu asiyekuwa nayo amenunua kesi. Barabara ya pili tu kutoka kwetu kuna nyumba aliyoiuza kijana mmoja kwa muhuri wa ofisi ya mtaa peke yake. Mnunuzi akavunja ukuta, akajenga maduka mbele. Baadaye dada zake kijana yule wakaenda kudai. Kesi ilikokota miaka, mnunuzi ana maduka asiyoweza kuyawekea hati, na dada wana haki wasiyoweza kuila. Nilimtajia mdogo wangu nyumba hiyo akanyamaza, kwa sababu tuliishuhudia sote.

Ada za watoto tulichangishana. Hilo pia ni sehemu ya kuuza nyumba ya mirathi: ndugu mwenye shida ya haraka lazima asaidiwe kwa njia nyingine, la sivyo shida yake ndiyo itakayoamua bei.

Baada ya arobaini tukakaa kikao cha familia. Mahakama hutaka muhtasari wa kikao hicho: nani wamehudhuria, marehemu ameacha warithi gani, mali gani, madeni gani, na nani amependekezwa kusimamia. Dada yangu aliyeolewa Mombasa alivuka Horohoro akaja. Kaka aliyeko Muscat, mdogo wangu mwingine wa kiume, alisikiliza kwa simu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipopendekezwa mimi, baba mdogo aliuliza kama mwanamke anaweza kushika mirathi ya Kiislamu. Tulikuwa tumemwalika shehe wa msikiti wetu ili kutueleza mafungu, na yeye ndiye aliyejibu: usimamizi ni amana, urithi ni fungu, na fungu la mtu haliongezeki wala kupungua kwa sababu amekabidhiwa amana. Hakimu naye baadaye hakuuliza kabisa habari ya mimi kuwa mwanamke. Aliuliza kama warithi wote wanajua nimekuja pale.

Kwa nini mahakama ya mwanzo? Kwa sababu Tanzania Bara mahakama hiyo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Mirathi nyingine hupelekwa mahakama za juu zaidi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ambako orodha ya mali hutakiwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Kwenye mahakama ya mwanzo unapewa miezi 4 tangu uteuzi kupeleka Fomu Namba 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni, kisha hesabu huja kwa Fomu Namba 6. Tulipeleka cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, muhtasari, maombi na wadhamini. Tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu, nikapewa Fomu Namba 4, barua ya usimamizi. Sehemu hii watu huiogopa sana, lakini kwetu ilikuwa nyepesi kwa sababu mazito tulikuwa tumeyasema nyumbani.

Zito kuliko yote lilikuwa la mama.

Hati ilikuwa na jina la baba peke yake. Shehe alipopiga hesabu, mafungu yalitoka manane: mama moja, kwa kuwa mjane mwenye watoto wa mume hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na saba yaliyobaki ya watoto, wa kiume mafungu mawili mawili na wa kike moja moja. Ni aya ya 11 na ya 12 za Suratun Nisaa, hakuna wa kubishana nazo. Mama alisikiliza, akaitikia. Dada wa Mombasa ndiye aliyeuliza: "Na zile bati je?"

Sisi watoto tulikuwa tunajua bila kusema. Nyumba ilipojengwa baba alikuwa na mshahara wa reli, na mama alikuwa akiuza vitumbua na bajia asubuhi, jioni samaki wa kukaanga. Msingi na kuta vilikuwa vya baba. Bati zote, mbao za kenchi na saruji ya sakafu vilikuwa vya mama. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani mlikuwa na risiti za duka la vifaa, karatasi zilizogeuka rangi, nyingine zikiwa na jina lake. Alizitunza miaka yote ile na hakuwahi kumwonyesha mtu.

Shehe alizisoma moja moja. Kisha akasema neno ambalo nataka kila familia ya Kiislamu ilisikie kabla ya kugawa nyumba: mirathi ni mali ya marehemu tu. Kilicho cha mke ni cha mke, hakiingii kwenye mafungu, kinatolewa kwanza, halafu katika kinachobaki naye anachukua thumni yake. Wajane wengi wamelipwa thumni ya nyumba ambayo nusu yake waliijenga kwa mikono yao, na familia zikaamini zimefuata dini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo huichukulia mali yenye jina la mwanandoa mmoja kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mama wa aina ya mama yetu, asiye na jina kwenye hati, hutegemea mambo mawili: ushahidi na watoto wenye kukumbuka. Mama alikuwa na vyote viwili.

Tuliafikiana kwamba robo ya nyumba ni yake. Hatukuifikia kwa saa moja. Mdogo wangu aliona robo ni kubwa, dada wa Dar es Salaam aliona ni ndogo, kaka wa Muscat akasema mama mwenyewe aulizwe. Mama akasema robo inamtosha. Ikaandikwa kwenye muhtasari, tukasaini wote, na kwenye Fomu Namba 5 niliiorodhesha nyumba kwa maelezo hayohayo. Hakimu alituuliza mmoja mmoja kama tumeridhia. Mdogo wangu alisema ndiyo, kwa sauti ya kusikika. Nimemheshimu sana kwa ndiyo ile, maana yeye na kaka ndio waliopunguziwa zaidi.

Madeni yalifuata. Utaratibu wa dini na wa mahakama hapa unakutana: gharama za mazishi na madeni kwanza, wasia kama upo usiozidi theluthi, warithi mwisho. Kwenye mazishi tulikuwa tumetangaza, kama desturi, kwamba anayemdai marehemu aje kwa familia. Mwenye duka alileta daftari lenye saini ya baba, tukalipokea. Mtu mwingine alikuja na deni la mdomo, kubwa, bila shahidi. Huyo nilimwambia aliwasilishe mahakamani, hakurudi. Pia kulikuwa na kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa, ile inayolipwa serikalini kwa kumiliki kiwanja, ambayo wengi huisahau kwa sababu haina mtu wa kubisha hodi. Kodi ya majengo, tangu 2021, inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo ilikuwa ikilipwa kila tuliponunua umeme. Pango la ardhi ni jingine, na nyumba haihamishwi likiwa linadaiwa.

Halafu kuna kodi ya wapangaji, na hapa nawaomba wasimamizi wenzangu wasikilize. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vimepangishwa. Baba alipofariki, wapangaji waliendelea kumpa mdogo wangu kodi kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Hakuna ubaya katika kuipokea. Lakini kodi hiyo ni mali ya mirathi kama ilivyo nyumba yenyewe, na inatakiwa kuonekana kwenye hesabu. Tuliandika kila alichopokea na kila alichotumia kukarabati choo na kulipia maji, tukajua kilichobaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyefurahi zaidi, kwa sababu maneno ya chini kwa chini kwamba "anakula kodi ya marehemu" yalikwisha siku ileile. Wapangaji tuliwaandikia notisi mapema. Mmoja alikuwa amelipa miezi 6 mbele, kama ilivyo kawaida ya kwetu, tukakubaliana kumrudishia miezi ambayo hataikaa.

Swali la kuuza au kutouza lilikuja baada ya hayo yote, na ndivyo ninavyopendelea. Warithi wanaokubaliana juu ya kuuza kabla ya kukubaliana juu ya mafungu wanajitafutia taabu, kwa sababu bei ikishatajwa kila mmoja huanza kupiga hesabu ya fungu ambalo hana hakika nalo. Sababu yetu ilikuwa wazi: warithi sita, paa linavuja, hakuna mwenye uwezo wa kukarabati peke yake, na mama alikuwa anataka kuhamia kwangu Makorora kwenye nyumba isiyo na ngazi za kupanda baraza. Nilimuuliza mama faraghani, bila watoto wengine, kama anataka kweli. Akaniambia anataka. Angesema hataki, nisingeuza yeye akiwa hai.

Mdogo wangu alitaka kuinunua yeye, awalipe wenzake. Mimi nilimuunga mkono. Naona mrithi anayeishi ndani ana haki ya kupewa nafasi ya kwanza, lakini kwa bei aliyoitaja mtu asiye ndugu, na kwa muda unaojulikana. Tukamwita mthamini aliyesajiliwa. Kazi yao inaongozwa na sheria ya mwaka 2016 ya uthamini na usajili wa wathamini, na taarifa yao, ili itumike kuhamisha hati na kukokotoa kodi, hupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Gharama yake ilituuma kidogo, lakini ilituondolea maneno mengi. Kabla ya hapo kila ndugu alikuwa na bei yake kichwani: mmoja aliitoa kwa rafiki, mwingine kwa dalali, mwingine aliangalia nyumba iliyouzwa Chumbageni akadhani ni sawa na yetu. Baada ya ile taarifa, tukawa na namba moja mezani.

Mdogo wangu alikwenda benki, akazunguka, muda ukafika hajapata mkopo. Alitujulisha mwenyewe. Tukakubaliana itafutwe nje, na kwamba hakuna atakayeiuza chini ya bei ya mthamini bila sote sita kusaini.

Kabla ya kumleta mnunuzi nilikwenda ofisi ya ardhi ya mkoa. Tangu 2020 ofisi hizi zipo kila mkoa wa Bara, jambo lililotupunguzia safari sana. Nilipeleka hati halisi, cheti cha kifo na barua ya usimamizi, na Msajili akaandika jina langu kwenye hati kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Wengi huiruka hatua hii, wakidhani barua ya mahakama peke yake inatosha kumhamishia mnunuzi. Haitoshi. Hati yenye jina la marehemu haiwezi kusainiwa na mtu, kwa hiyo ni lazima kwanza ipite kwa msimamizi. Na yale maneno "kama msimamizi" ni ya muhimu kwa warithi pia, maana yanamwambia yeyote atakayefanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za hati ofisi ya ardhi, kwamba huyu si mwenye mali. Kama ndugu yako ni msimamizi na ameanza kusema "nyumba yangu", mwombe mwonyeshane hati.

Shemeji yangu wa Mombasa, anayefanya kazi kwa wakili, alinieleza kwamba kwao Kenya mkazo ni mkubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, msimamizi akishateuliwa husubiri miezi 6 kwa kawaida ndipo uteuzi uthibitishwe, na kabla ya kuthibitishwa haruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba. Kwetu hakuna hatua ya jina hilo, lakini mahakama ya mwanzo ina uwezo wa kusikiliza na kuamua habari za kuuza au kugawa mali ya mirathi. Mimi niliamua kuutumia. Nilipeleka barua ya ridhaa ya warithi wote, taarifa ya mthamini na jina la mnunuzi, nikamwomba hakimu aridhie mauzo kwenye jalada. Kuna waliosema najipa kazi isiyo na lazima, kwamba msimamizi ana nguvu tayari. Sikukubaliana nao, na hata leo sikubaliani. Nguvu ya kisheria ninayo mimi, lakini usingizi wa kaka yangu aliyeko Muscat unategemea kuona kwamba mtu mwingine asiye dada yake ameitazama karatasi.

Huyo kaka ndiye aliyetuchelewesha kuliko wote, bila kosa lake. Saini ya picha kwenye simu haikubaliki. Alilazimika kusaini ridhaa na hati ya uwakilishi, akaithibitisha ubalozi wetu Muscat, kisha karatasi halisi zisafiri mpaka Tanga. Zilikuja na mtu wa nyumbani aliyekuwa akirudi likizo. Mwenye ndugu Ughaibuni aanze jambo hili mapema, hata kabla mnunuzi hajapatikana. Nami nilihakikisha anayemwakilisha kaka kwenye hati ile si mimi. Msimamizi akiwa pia mwakilishi wa mrithi, anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Tulimweka dada wa Dar es Salaam.

Mnunuzi aliyepatikana alikuwa mfanyabiashara wa mjini, na wakili wake alifanya upekuzi ardhi, akasoma jalada mahakamani, akaomba kuonana na mama. Sikuchukia maswali yake. Mnunuzi anayeuliza sana ni kinga kwa warithi. Mkataba wa mauziano uliandikwa na wakili, tukasaini, na warithi wote waliokuwepo wakasaini kama mashahidi. Tuliandika mle ndani ni nani analipa nini: deni la pango la ardhi na kodi ya mapato kwenye faida ya mauzo, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, vilikuwa juu ya mirathi, ushuru wa stempu, asilimia 1, ulikuwa juu ya mnunuzi. Mambo hayo yakiachwa bila kuandikwa huibuka TRA, mamlaka ya mapato, mbele ya dirisha, na kila upande unamtazama mwenzake. Kisha zikajazwa fomu za ardhi, Namba 29, 30 na 35, za kuarifu, kuomba idhini na kuhamisha.

Kwenye kodi ile, sanduku la mama lilitufaa tena. Faida ni bei ukitoa gharama zenye ushahidi, na sisi Waswahili tunajenga chumba kwa chumba kwa miaka, tukitupa risiti. Bila karatasi, nyumba uliyoihangaikia nusu ya maisha inaonekana kama ilishuka kutoka mbinguni bure. Risiti za bati, mbao na saruji ziliingia kwenye hesabu. Mama alikaa kwenye benchi la ofisi akisikiliza afisa akisoma tarehe, naye akimwambia kila mzigo ulitoka duka gani.

Ofisi za mitaa nizitaje kwa kifupi. Mwenyekiti kushuhudia na kuwatambua warithi ni msaada mkubwa, na wa kwetu alitusaidia. Lakini wapo mahali pengine wanaodai asilimia 10 ya bei ya nyumba ndipo wagonge muhuri, na hakuna sheria inayowapa fungu hilo. Ukiombwa, omba risiti ya serikali. Malipo ya dalali nayo yaandikwe kabla hajaleta mtu, na yalipwe na mirathi yote, yasikatwe kwa mrithi mmoja.

Fedha hazikupita mkononi mwangu. Benki ilinifungulia akaunti ya mirathi kwa barua ya usimamizi, tofauti kabisa na yangu, na mnunuzi akalipa huko mara mbili: sehemu wakati wa kusaini, iliyobaki hati ilipokuwa tayari kuhamishwa. Nilikuwa natuma picha ya taarifa ya akaunti kwenye kundi letu la WhatsApp kila fedha ilipoingia au kutoka, hata ilipokuwa makato madogo ya benki. Dada wa Mombasa aliniambia nisijisumbue, ananiamini. Nikaendelea kutuma.

Siku ya kugawa tulikwenda mahakamani na Fomu Namba 6. Juu palikuwa na bei ya nyumba na kodi za wapangaji, robo ya mama ikatoka hapo kwanza. Chini yake mazishi, daftari la mwenye duka, pango la ardhi, mthamini, wakili, dalali, kodi ya TRA, marejesho ya mpangaji. Kilichobaki kikagawanywa mafungu manane. Kila mmoja akasaini mbele ya fungu lake, dada wa Dar es Salaam akasaini kwa niaba ya kaka. Mdogo wangu alinunua kiwanja Pongwe kwa mafungu yake mawili, na akaanza msingi kabla ya mvua za vuli. Mama hakutaka kununua chochote kwa haraka. Alisema apumzike kwanza, na hakuna aliyemsukuma.

Kwa ridhaa ya wote tulikuwa tumebakiza kiasi kidogo kwenye akaunti, na hakimu akaahirisha kufunga jalada mpaka kiishe, kwa sababu nyumba ina madeni yanayojitokeza nyuma yake. Na kweli, baada ya mnunuzi kuhamia, ilikuja ankara ya maji ya miezi ambayo sisi ndio tuliokuwa tukikaa. Nililipa kutoka kwenye salio hilo, nikaambatisha risiti, salio likagawanywa kwa hesabu ileile, likiwa dogo kiasi kwamba fungu la dada wa kike lilitosha nauli ya basi kwenda na kurudi Mombasa. Wote wakasaini tena, hakimu akafunga jalada, nami nikaenda benki kuifunga akaunti.